Alama za Biashara (3): Kwa nini huwezi kusajili "achari"

Wiki iliyopita tuliishia mezani kwa Msajili, fomu imejazwa na ada imelipwa. Leo tuchukue ombi ambalo najua litagonga mwamba, na ambalo watu hawachoki kulipeleka.

Tuseme mama mmoja wa Tanga anatengeneza achari ya embe. Anakata embe mbichi vipande vyembamba, anazitia chumvi, anazianika hadi zisinyae, kisha anazipika na siki, bizari na pilipili za kutosha kumtoa mtu machozi. Anajaza kwenye chupa, anabandika lebo yenye neno moja kwa herufi kubwa: ACHARI. Halafu anakwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuomba neno hilo liwe lake peke yake. Atanyimwa, hata kama mkoa mzima unakiri kuwa yake ndiyo tamu.

Alama ya biashara ina kazi moja: kumwambia mnunuzi bidhaa hii ni ya nani. Neno "achari" linajibu swali jingine kabisa, yaani ndani ya chupa mna nini. Zikipangwa chupa tano za wauzaji watano rafuni, neno hilo halimtambulishi hata mmoja. Na akipewa huyu mmoja, wale wanne wataandika nini kwenye chupa zao? "Embe za chumvi zilizotiwa siki na pilipili"? Ndiyo maana Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986 inataka alama iwe na uwezo wa kutofautisha bidhaa ya mtu na ya mwenzake. Mkataba wa Paris wa 1883 nao unaruhusu nchi kukataa alama ambayo si chochote ila jina la aina ya bidhaa, sifa yake au mahali inakotoka.

Hapa wasomaji wengi huuliza: mbona Twiga ni neno la kila siku na limo kwenye mifuko ya saruji? Kwa sababu twiga hana habari na saruji. Neno likitolewa porini likabandikwa kwenye mfuko, linabaki kuwa jina la muuzaji tu. Lingekataliwa neno "saruji".

Mpaka hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza tunapouliza: neno la kawaida kwa nani?

Kwenye misitu ya Amazon, Brazili, kuna tunda la ukoo mmoja na kakao. Wenyewe huliandika cupuaçu na kulitamka kupuasu. Nyama yake nyeupe hutengenezwa juisi na jamu, na mbegu zake hutoa kitu kinachokaribia chokoleti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika moja la jimbo la Acre lilikuwa likitafuta soko la jamu hiyo Ujerumani, likakuta kuna mwenye jina. Kampuni ya Kijapani, Asahi Foods, ilikuwa imesajili "Cupuaçu" Japani tangu 1998. Yaani mchuma tunda angeambiwa asiliite tunda lake kwa jina lake.

Mtu atasema ofisa wa Tokyo alizembea. Mimi naona alifuata mantiki ileile ya Twiga. Masikioni mwake neno lile halikuwa na maana yoyote, kwa hiyo lilionekana linatofautisha vizuri sana. Hapo ndipo penye ufa: kadiri chakula kisivyojulikana ugenini, ndivyo jina lake linavyoonekana huko kama alama safi iliyobuniwa jana. Wabrazili walipeleka pingamizi na ushahidi, na Machi 2004 ofisi ya Japani ikaufuta usajili, kwa hoja kwamba neno hilo ni jina la malighafi yenyewe. Mwaka 2008 Brazili ikapitisha sheria inayotangaza kupuasu kuwa tunda la taifa. Sheria hiyo sikuiona kama mbwembwe. Ni karatasi ya kumwonyesha msajili wa kesho.

Chai ya rooibos ya Afrika Kusini nayo ilipita njia hiyo. Neno hilo kwa Kiafrikaans ni "kichaka chekundu", lakini Marekani lilisajiliwa 1994, likaishia mikononi mwa kampuni ya Texas, na lilikuja kuachiwa 2005 baada ya mivutano ya mahakamani. Hata kikoi chetu, ingawa hakiliwi, kiliombewa usajili Uingereza kwa tahajia ya "Kikoy", na wadau wa Kenya wakasimama kupinga.

Sasa mama wa Tanga afanye nini? Aweke jina lake mbele: la bibi yake, la mtaa, au neno alilolibuni. Msajili anaweza kuikubali lebo nzima, neno "achari" likiwemo, kwa sharti kwamba hadai neno hilo likiwa peke yake. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60. Wauza achari wenzake wasizipuuze siku hizo, maana kufuta alama iliyokwisha kusajiliwa ni kazi ndefu zaidi na ya gharama zaidi. Usajili ukipita, unadumu miaka saba ya mwanzo, kisha unahuishwa kila baada ya miaka kumi.

Na kama chupa zake zinapanda boti kwenda Unguja, ajue kuwa cheti cha BRELA kinaishia bandarini. Zanzibar ina daftari lake la alama, chini ya wakala wake wa usajili, BPRA, na huko ataanza upya na ada nyingine.

(Itaendelea)