Maji Yapandayo na Maji Yashukayo

Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alichukua matumbawe hai katika pwani ya Torquay, kusini mwa Uingereza, akaenda nayo London. Na kwa kuwa hakuwa na njia ya kupata maji mapya ya bahari kila siku, alimwagiza mtumishi wake ayamimine maji yale yale kutoka chombo hiki hadi kile, mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa. Matumbawe yakaishi. Robo karne baadaye William Alford Lloyd, aliyesimamia ujenzi wa hifadhi ya samaki ya Crystal Palace iliyofunguliwa mwaka 1871, aliikabidhi mashine kazi ile ya mtumishi: chini ya sakafu aliweka hodhi yenye giza na ubaridi, kubwa kuliko matangi yote waliyoyatazama watu, na pampu za mvuke zikayapandisha maji, nayo yakateremka kwa uzito wake yenyewe.

Atakaye leo kuwaweka nyumbani samaki wa bahari, pengine wale wavuliwao pwani ya Kenya na kusafirishwa hadi Ulaya na Marekani, hufuata kanuni ya Lloyd, ajue au asijue: tangi la kioo juu, hodhi kabatini chini yake, bomba la kuteremshia na bomba la kupandishia. Sababu yake ni kwamba maji ya chumvi, hasa yakiwa vuguvugu, huchukua oksijeni akali kuliko maji matamu, ilhali samaki, matumbawe, na vijidudu vikaavyo katika mawe ya tangi ambavyo huigeuza sumu ya amonia, wote huihitaji oksijeni hiyo; tena utando wa mafuta na takataka hutanda juu ya maji yaliyotulia, ukazuia hewa kuingia. Ndiyo maana bomba la kuteremshia halinyonyi maji katikati ya tangi, bali huyapokea yale ya juu kabisa, yanayofurika ukingo wenye meno kama ya kitana, uwazuiao samaki wasipite.

Watu wengi huanza kwa kununua pampu kubwa, nami naona huko ni kuanzia mwisho. Pampu yaweza kusukuma kwa nguvu kadiri ipendavyo, lakini bomba la kushukia halina nguvu ila uzito wa maji. Likizidiwa, au konokono mmoja akiziba mdomo wake, maji yatamwagika sakafuni. Kwa hiyo sharti kwanza yawekwe mabomba mawili ya kushukia, mapana kuliko lile la kupandishia: la kwanza lijae maji tele bila hewa, likirekebishwa kwa valvu mpaka lisitoe sauti; la pili mdomo wake uwe juu kidogo, likae tupu likingojea siku ya dharura, wala lisitiwe valvu kabisa. Ama pampu, kiasi kilichoandikwa sandukuni mwake ni kile itoacho bila kupandisha maji popote. Kila sentimita ya kimo na kila kiwiko cha bomba hukipunguza. Wazoefu wengi huridhika na maji ya tangi kuzunguka mara 3 hadi 5 kwa saa, na mawimbi ambayo matumbawe huyahitaji wakayaachia pampu ndogo zilizomo ndani ya tangi.

Lakini mtihani wa mabomba haya ni saa umeme unapokatika. Maji ya juu huendelea kufurika hadi yalingane na ukingo, na bomba la kupandishia, lililokuwa likitoa maji, hugeuka likayanyonya kuyarudisha chini mpaka mdomo wake uguse hewa. Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 120 na upana wa 50: kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Mdomo ukiwa sentimita 3 chini ya uso wa maji, zitateremka lita 18, na hodhi yenye nafasi itazipokea. Ukiwa sentimita 20, zitateremka lita 120, na hakuna kabati la kawaida litakalozistahimili. Wako wanaotegemea valvu ya kuzuia maji yasirudi, lakini chokaa na minyoo yenye magamba hujenga ndani yake ikashindwa kufunga; wako watoboao tundu dogo bombani liingize hewa, nalo huzibwa na mwani. Dhamana ya kweli ni kuuweka mdomo karibu na uso wa maji.

Hodhi hiyo ndiyo pia ionyeshayo maji yanayokauka, kwani kina cha juu hushikwa na ukingo kisibadilike, na upungufu wote huonekana katika chumba cha hodhi kikaacho pampu. Kiongezwe maji matamu, si ya bahari, madhali maji hukauka na chumvi ikabaki, na kiasi chake cha gramu 35 hivi kwa kila kilo kisizidi. Mabomba yawe ya plastiki. Shaba, hata chembe yake, huwaua kamba na matumbawe. Gundi ya mabomba ikishakauka, tangi lijazwe maji ya mfereji kabla ya chumvi na kabla ya samaki, pampu iwashwe, kisha izimwe makusudi, na mwenyewe asimame mbele ya hodhi hadi maji yatakapoacha kupanda, atie alama ya wino mahali yalipofika: kutoka hapo hadi ukingoni mwa hodhi ndiyo nafasi iliyosalia.