Kifua Kikuu Sugu Hakiishii Nyumbani kwa Mgonjwa



Mara nyingi tunaambiwa kwamba kifua kikuu sugu ni matunda ya uzembe wa mgonjwa: alipewa dawa za miezi 6, akaziacha njiani alipoona nafuu, vijidudu vikazizoea. Kuacha dawa ni hatari kweli, na tunamwomba kila mwanachama azimalize. Lakini hiyo ni nusu tu ya habari.

Huko Tugela Ferry, katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006, madaktari walipima makohozi wakakuta wagonjwa 53 wana kifua kikuu kisichosikia karibu dawa zote za wakati huo. Walikufa 52, na wengi wao hazikupita wiki chache tangu makohozi yachukuliwe. Wote waliopimwa virusi vya UKIMWI walikutwa navyo. Lakini zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa hawajapata kutibiwa kifua kikuu hata mara moja. Waliacha dawa gani, basi? Walivuta hewa yenye vijidudu vilivyokwisha kuwa sugu, na wengi walikuwa wamelazwa hospitali siku za karibuni. Wafanyakazi wawili wa afya walikuwa miongoni mwa waliokufa.

Kati ya 2011 na 2014 wataalamu walichunguza wagonjwa 404 wa aina hiyo katika jimbo lile lile. Wagonjwa 280 walikuwa hawajawahi kutibiwa kifua kikuu sugu. Yaani walikipata kwa mtu mwingine. Walipoulizwa juu ya watu wanaokaa nao na mahali wanapokwenda, ni 123 tu walioonekana kuwa na uhusiano na mgonjwa mwingine anayejulikana.

Sisi tunaotembelea matawi hatushangai. Mfanyakazi akiulizwa na mganga ni nani walio karibu naye, hutaja mke na watoto. Hawataji wenzake wa chumba kimoja kambini, ambako dirisha limezibwa kwa gunia kwa sababu ya baridi. Hamtaji aliyesimama naye kwenye mashine zamu nzima ya usiku, wala wale wanaobanana naye alfajiri ndani ya lori la kwenda shambani. Si kwamba amewasahau. Anaogopa nyapara akisikia, kibarua kitaota nyasi, chake na chao.

Wachimba dhahabu wa Afrika Kusini waliyaona hayo kwa miaka mingi. Watu wa Lesotho, Msumbiji na Malawi walilala wengi chumba kimoja, wakivuta vumbi la mawe linaloharibu mapafu na kukifungulia njia kifua kikuu. Aliyeugua alirudi kwao na ugonjwa wake, na mara nyingi hakuna aliyemfuata ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2018 makampuni 6 ya dhahabu yalikubali kutenga randi bilioni 5 za fidia, na mahakama ikaidhinisha mwaka 2019. Wengi waliostahili walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Siku hizi kumtafuta aliyekaa na mgonjwa kuna faida kuliko zamani. Mashine ya GeneXpert huonyesha kwa saa mbili hivi kama vijidudu vinasikia dawa ya rifampisini. Matibabu ya kifua kikuu sugu yalikuwa yakifika hata miaka miwili, pamoja na sindano zilizowaacha wengine viziwi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri vidonge vya miezi 6 kwa wagonjwa wengi. Mwaka 2024 likashauri pia vidonge vya kinga kwa waliokaa na mgonjwa. Lakini vidonge havimfikii mtu ambaye jina lake halikutajwa.

Ndiyo maana jambo hili tunaliingiza katika mkataba wa hali bora. Mgonjwa ashikiwe kazi yake na alipwe mpaka daktari amruhusu kurudi. Wenzake wa zamu na wa kambi wapimwe saa za kazi bila kukatwa mshahara, na majina yao yaishie kwa mganga, yasifike ofisini. Mwajiri akisema kifua kikuu si habari ya kazi, aonyeshwe orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010, kimo humo.

Kabla ya kikao, kila tawi lihesabu vitanda na madirisha ya kila chumba cha kambi na kuandika. Hayo ndiyo mwajiri atakayoyauliza kwanza.