Kiingilio elfu kumi, safari elfu hamsini: pesa ya shabiki wa muziki inakwenda wapi?

Gari la matangazo likipita Sanya Juu na spika juu ya paa, mara nyingi husikia mambo matatu: jina la msanii, uwanja wa Moshi, na kiingilio. "Kawaida elfu kumi tu." Hilo neno "tu" ndilo tunalotaka kulichambua leo, maana anayelisikia akiwa Majengo, Moshi, na anayelisikia akiwa kwetu Siha hawaambiwi bei moja.

Tuchukue mfano. Bei ni za kukadiria, weka zako mwenyewe. Kiingilio 10,000. Nauli ya kushuka hadi Bomang'ombe na kuunganisha gari la Moshi, tuseme 4,000. Tangazo linasema saa 12 jioni, lakini kila mzoefu anajua msanii mkubwa hupanda jukwaani saa 6 au saa 7 usiku. Shoo ikiisha saa 9, hakuna Noah ya Sanya Juu inayokusubiri stendi. Mkikodi gari watu wanne kwa 60,000, kila mmoja anatoa 15,000. Chakula na maji 8,000. Mlangoni kijana anauza fulana yenye picha ya msanii kwa 15,000. Jumla ni 52,000. Kile kiingilio kilichotangazwa ni sehemu moja tu ya tano ya fedha iliyotoka mfukoni, na kwa kijana anayebeba viazi au karoti kwa kibarua cha siku, hizo ni siku kadhaa za kazi.

Kwa nini basi shoo yenyewe isipande huku juu? Jibu liko kwenye namna kiingilio kinavyopangwa.

Promota akitaka kufanya tamasha analipia uwanja, jukwaa, muziki, taa, jenereta, ulinzi, vibali na ada za hakimiliki, usafiri na malazi ya wasanii pamoja na bendi au madansa wao, halafu malipo ya wasanii wenyewe, ambayo kwa kawaida sehemu kubwa hudaiwa kabla msanii hajapanda gari. Sasa piga hesabu ya mlangoni. Watu 3,000 wakilipa 10,000 kila mmoja, ni milioni 30. Kama promota amesajiliwa VAT na asilimia 18 imo ndani ya bei, karibu milioni 4.6 si zake. Zinazobaki haziwezi kubeba orodha hiyo yote, hasa kama bango lina majina matano makubwa. Na mvua ikinyesha siku hiyo, hata hao 3,000 hawaji.

Pengo hilo huzibwa na mdhamini. Ndiyo maana Fiesta, ambayo imewahi kufika Moshi, kwa nyakati tofauti iliitwa Serengeti Fiesta na Tigo Fiesta: jina lililowekwa mbele lilikuwa la bia au la mtandao wa simu. Mdhamini hatafuti faida mlangoni. Anataka macho ya watu wengi, wanywe, wasajili laini, wapige picha mbele ya bango lake. Kwake yeye kiingilio kidogo ni kizuri, maana uwanja unajaa. Ubaya ni kwamba hesabu hiyo hiyo ndiyo inayochagua miji. Moshi ina watu wa kutosha, hoteli na uwanja. Arusha ina Sheikh Amri Abeid. Sanya Juu haimo, na tofauti hiyo tunailipa sisi kwa nauli.

Anayedhani mdhamini ni pambo tu aiangalie Sauti za Busara ya Zanzibar. Tamasha hilo lilianza 2004, hufanyika Februari pale Ngome Kongwe, na linajulikana dunia nzima. Tiketi zake zina bei tofauti: Mtanzania hulipa kidogo, mgeni kutoka mbali hulipa zaidi. Pamoja na watalii wote wale wanaonunua tiketi, mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha za wadhamini na wafadhili. Lilirudi 2017.

Ulaya na Marekani mzigo huo umehamia zaidi kwa shabiki. Agosti 31, 2024, tiketi za kurudi jukwaani kwa bendi ya Oasis zilipoanza kuuzwa Uingereza, za kusimama ambazo watu walizitarajia kwa takriban pauni 150 zilipanda hadi zaidi ya pauni 350 wakati wanunuzi bado wako kwenye foleni ya mtandaoni. Bei ilipanda kwa kadiri watu walivyoitaka. Kwetu jambo hili tunalijua kwa jina la Desemba, watu wakirudi nyumbani na kiti cha basi la Dar es Salaam kuja Moshi kinakuwa dhahabu. Tofauti ni kwamba nauli ya basi ina kikomo kinachowekwa na LATRA. Kiingilio cha muziki hakina LATRA yake.

Turudi kwenye ile fulana. Wengi huinunua wakiamini wanamuunga mkono msanii. Mara nyingi sivyo. Picha imechukuliwa mtandaoni, imechapwa na mtu mwingine, na msanii hapati hata shilingi. Kwenye mpira tumeshaona njia nyingine: mwaka 2021 Simba iliingia mkataba na Vunja Bei wa kutengeneza na kuuza jezi zake, na Yanga inafanya hivyo na GSM, ili klabu ipate chake. Kwenye muziki mifano ni michache zaidi, na wa kukumbukwa ni wa Diamond Platnumz, ambaye 2017 alileta sokoni karanga na manukato yenye jina lake badala ya kung'ang'ania fulana. Tunaona alifikiri vizuri: karanga mtu hununua kila siku, na hahitaji kusafiri hadi uwanjani.

Simlaumu kijana wa mlangoni, naye anatafuta riziki. Lakini kama nia yako ni kumchangia msanii, angalia kama bidhaa imetangazwa kwenye kurasa zake mwenyewe. Kama unataka kumbukumbu tu, patana bei. Shoo ikiisha hushuka.

Kuhusu tiketi, nunua mapema kama kuna bei ya awali, na nunua kwa namba au wakala aliyetajwa kwenye tangazo la promota, si kwa mtu anayekufuata nje ya geti. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Shoo ikiahirishwa au msanii asipotokea, anayetakiwa kujibu ni promota aliyeomba kibali, na jina lake unaweza kuliulizia kwa afisa utamaduni wa halmashauri ambako tamasha lilipangwa. Nenda na ule ujumbe, una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea.