Akirudi kutoka dialize, tusimwite mvivu



Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi husafishwa damu kwa mashini, kwa kawaida mara tatu kwa juma, kila mara muda wa saa nne hivi. Akifika nyumbani, hana nguvu hata ya kusonga bukari. Ndugu wananung'unika: "Amekuwa mvivu."

Mradi wa utafiti uitwao SONG, ulioanza 2014, uliwauliza wagonjwa, familia zao na waganga wa nchi nyingi ni mambo gani yapimwe kwanza. Uchovu uliingia kati ya manne makuu, pamoja na kifo, magonjwa ya moyo na njia ya kutolea damu mwilini. Basi uchovu ule ni sehemu ya ugonjwa.

Kikundi chetu kisaidie. Siku ya dialize, mama mmoja apike, mwingine apokee watoto kutoka masomoni. Mkono wenye mshipa wa dialize usibebe bidoni ya maji, wala usipimiwe tansio. Chumvi ipunguzwe. Lengalenga zikatwe, zichemshwe, maji yake yamwagwe: potasiamu ikizidi, inaweza kusimamisha moyo. Maji ya kunywa yafuate kipimo cha munganga.

Tena tumuulize: "Leo nguvu iko namna gani?" Jibu lake munganga pia alisikie.