Spika ya Nyuma, Maiki ya Nyuma: Pesa Iende Wapi?

Pikapu ya doria ikisimama pale Buguruni, Dar es Salaam, kwenye makutano ya Barabara ya Mandela na Barabara ya Uhuru, malori ya bandarini yakinguruma pembeni, walinzi waliokaa nyuma hawasikii neno linalotoka kwenye redio ya upepo iliyo mbele. Dereva anagonga kioo na kuwaelekeza kwa mkono. Ndiyo maana wenye magari ya doria, bredauni na ambulensi huwaomba mafundi wa hapo wawaongezee spika na maiki nyuma. Ombi ni moja ila kazi ni mbili, na gharama zake hazifanani hata kidogo. Kusikia ni rahisi, kusema ndiko kunakokula pesa.

Tuanze na spika. Redio nyingi za gari za Icom, Kenwood na Yaesu zina tundu dogo mgongoni la pini ya milimita 3.5. Ukichomeka spika ya nje, kwa kawaida ya ndani inanyamaza, kwa hiyo walinzi watasikia na dereva atabaki kiziwi. Kama unataka pande zote mbili zisikie, itabidi uwe na spika mbili za nje, na hapo ohm zina maneno. Spika mbili za ohm 4 zikiunganishwa sambamba zinakuwa ohm 2, mzigo ambao redio iliyotengenezewa ohm 4 haiuwezi kwa muda mrefu. Nunua mbili za ohm 8. Zikiungana zinakuwa 4, na redio inapumua.

Motorola za zamani, kama GM300, zina mambo yake. Sauti inatoka kwenye soketi ya pini 16 mgongoni, na nyaya zote mbili za spika zina umeme wa sauti. Hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusa bodi ya gari. Fundi aliyezoea kufunga taa atakuambia, "Bosi, waya mmoja tu, mwingine tunashikisha bodi." Mkatalie hapohapo, maana ukimwacha utaunguza sehemu ya kukuzia sauti, na matengenezo yake yanaweza kuzidi bei ya spika yenyewe.

Spika halisi ya Motorola ya wati 13 inauzwa ng'ambo kwa makumi ya dola, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Ni nzuri, lakini kwa gari moja sioni haja. Panda Barabara ya Uhuru mpaka Kariakoo, utakuta spika za muziki za inchi 4 kwa bei ya chini sana. Na hizo pia nakushauri uziache. Nyingi ni za ohm 4, mgongo wake uko wazi, na koni ya karatasi haitamaliza masika moja nyuma ya pikapu. Isitoshe, redio ya upepo inapitisha sauti ya kati ya hezi 300 na 3,000 hivi, kwa hiyo hela ya besi unaitupa. Chaguo langu ni tarumbeta ndogo ya ohm 8, ya aina ile wanayofunga magari ya matangazo. Inastahimili mvua na imetengenezwa kwa ajili ya maneno. Hakikisha tu haina transfoma ya volti 100 ndani, kwa sababu hiyo itakutolea sauti ya mbu.

Kwenye maiki njia ni tatu. Ya bei nafuu ni kurefusha ile uliyonayo. Redio nyingi hutumia plagi ya pini 8 inayofanana na ya waya wa mtandao wa kompyuta, na mita moja ya waya huo haifiki bei ya sahani ya wali maharage. Chukua wenye foili ndani, na mpangilio wa rangi uwe uleule ncha zote mbili. Lakini plagi kufanana isikudanganye: Icom na Kenwood hazipangi pini sawa, na pini moja hubeba umeme, hivyo usiazime maiki ya jirani. Pia kurefusha ni kuihamisha maiki, siyo kuzaa ya pili. Ukiunga mbili pamoja bila swichi ya kuchagua, mlinzi akibonyeza ya nyuma, ya dereva nayo inaweza kufunguka, na ofisini watasikia injini.

Njia ya pili ni redio ambayo uso wake unachomoka, kama Kenwood TM-V71: boksi linajificha chini ya kiti, uso unakaa unapotaka. Kifaa cha kuutenganisha ni cha modeli husika na si rahisi. Ninaikubali pale tu wizi unapokusumbua kuliko kelele.

Ya tatu ni kumpa mlinzi redio ya mkononi, mfano Baofeng UV-5R yenye maiki ya begani. Kununua ni rahisi, tatizo liko mbele ya safari. Ina wati 5 hivi wakati ya gari huwa na 25 au zaidi, na kwa kuwa inarusha mawimbi, ni redio nyingine kabisa mbele ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Spika na waya wa maiki havibadilishi masafa uliyopewa. Redio ya ziada lazima iwe ndani ya leseni yako.

Wenye malori wana gharama moja zaidi. Gari ni volti 24, redio ni 12. Kuna mafundi wanaochukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Ni bure leo, lakini betri hizo hazitachajiwa sawa na zitakufa mapema. Nunua kipunguza umeme kinachobeba ampea zinazotosha redio inaporusha.

Kabla hujalipa, mwambie fundi awashe injini na taa zote, kisha bonyeza maiki ya nyuma uongee na ofisi huku mtu akikanyaga mafuta. Wakisikia mluzi unaopanda na injini, huenda waya umepita karibu na alteneta au nyaya zake. Auhamishe kwanza.