Neno Linalokudai

Katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya Katanga, Kongo, karibu kila kitu kilikuwa mali ya kampuni: nyumba, posho, zahanati, shule ya watoto, hata king'ora kilichogawa mchana na usiku. Hivyo ndivyo familia za wafanyakazi wa migodi zilivyoishi Kolwezi, Jadotville ambayo leo ni Likasi, na Shinkolobwe, kilomita kama 20 kutoka Likasi. Katikati ya maisha hayo yaliyopangwa na wengine, miaka ya 1950, waume na wake wa Kolwezi walianza kukusanyika na kuyashika maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Waliyasema, wakayarudia, wakayawaza kila mtu moyoni mwake na wawili wawili majumbani, mpaka yakawa kipimo cha namna ya kuishi. Jumuiya yao iliitwa Jamaa.

Hawakufanya yoga, wala hawakuita maneno yao mantra. Walikuwa Wakatoliki. Lakini mtu anayeanza yoga au tafakuri leo, akaambiwa achague mantra, yaani neno la kurudia moyoni ili akili itulie, hana haja ya kutafuta mwalimu mbali. Yoga imeingia mitaani kwetu: Nairobi, mradi wa Africa Yoga Project, ulioanzishwa mwaka 2007, umekuwa ukifundisha vijana kuwa walimu. Pamoja na yoga limekuja swali la mantra, na wengi wanalijibu kwa kuokota sentensi tamu kwenye simu. Watu wa migodi ya Katanga walilijibu kwa uzito zaidi, na jibu lao bado linafaa.

Maneno kutoka vinywani mwa watu

Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotoka kwa Kifaransa Élisabethville mwaka 1945, kilimpa jina kubwa na wapinzani wengi. Kilichomgeuza yeye mwenyewe, kwa maelezo yake, kilikuwa jambo dogo zaidi: aliacha kuhubiri kwanza, akaanza kuuliza. Mnataka nini kuliko vyote? Watu walimjibu kwamba wanataka uhai wenye nguvu, wanataka kuzaa na kuendelezwa, wanataka kuungana na wenzao. Alipohamia Kolwezi mwaka 1953 na kuishi karibu na wafanyakazi wa migodi, majibu hayo ndiyo yaliyokuwa msingi wa Jamaa. Yeye aliitwa Baba Placide, na wanajamaa wote waliitana baba na mama.

Hili ndilo funzo la kwanza la kuchagua mantra. Neno linalofaa kurudiwa maisha yote hutoka kwenye haja ambayo tayari imo ndani ya mtu. Mfanyakazi wa Kolwezi hakuhitaji kueleweshwa uzima ni nini. Aliona kila siku jinsi kazi inavyoula.

Funzo la pili ni kwamba neno liliwazwa, halikutamkwa tu. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeishi na wanajamaa katika miaka ya 1960 na kuandika kitabu juu yao mwaka 1971, alionyesha jinsi neno mawazo lilivyokuwa nguzo ya mafundisho yao. Mwanajamaa alipaswa kulipokea wazo, kulikalia, kulizungumza na mwenzi wake, kisha kulitenda. Waasisi wa yoga walisema jambo lilelile zamani sana. Katika Yoga Sutra, Patanjali anapofundisha kurudia sauti takatifu ya Om, anataka pia maana yake itafakariwe. Kurudia bila kuwaza hupumzisha mdomo tu.

Kinachotokea mwilini

Kurudia maneno matakatifu si jambo geni Afrika Mashariki na Kongo. Waislamu wa tarika ya Kadiria, kuanzia Zanzibar hadi Kasongo kule Maniema, wana dhikri, ambayo huenda sambamba na pumzi. Wakatoliki wa Likasi wana rozari. Wahindu wa Mombasa na Dar es Salaam wana tasbihi ya punje 108 ya kuhesabia mantra. Vidole vinatembea juu ya punje, ulimi unarudia, moyo unatulia.

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake. Waliwapima watu 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, na wakirudia mantra ya Kibuddha ya Om mani padme hum. Mtu aliyetulia hupumua mara kumi na kadhaa kwa dakika. Walipokuwa wakirudia maneno hayo, sala kwa mantra, pumzi zao zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo pamoja na shinikizo la damu yakaanza kwenda kwa mwendo mmoja. Sababu ni urefu wa sala yenyewe: kiongozi husema nusu, waumini hujibu nusu, na mzunguko mzima huchukua kama sekunde kumi, yaani pumzi moja ndefu.

Herbert Benson, daktari wa Harvard aliyewachunguza watu waliotafakari kwa mantra, alikuwa ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba mwili unaweza kutulia hivyo kwa neno lolote fupi, likirudiwa kila pumzi inapotoka, mradi mtu asigombane na mawazo yanayopita. Kwa hiyo usiogope kwamba neno la Kiswahili, la Kibemba au la Kiluba halina nguvu kwa kuwa si la Kisanskriti. Mwili unaangalia urefu wa pumzi na utulivu wa kurudia. Maana ni kazi ya moyo, na moyo unaelewa vizuri zaidi lugha uliyolelewa nayo.

Namna ya kuchagua na kutumia

Anza kama Tempels alivyoanza, kwa kuuliza. Kaa kimya ujiulize unataka nini kuliko vyote, kisha usilipokee jibu la kwanza haraka. Fedha, kazi na nyumba ni haja za kweli, lakini chini ya kila moja kuna haja kubwa zaidi. Anayelilia fedha huenda anatafuta usalama wa wanawe. Neno lake ni amani, au salama. Anayelilia kazi huenda anatafuta heshima.

Neno liwe fupi, lienee katika pumzi moja. Uzima linatosha. Mapendo linatosha. Ukipenda maneno mawili, moja liingie na pumzi, la pili litoke nayo: ingiza pumzi na uzima, toa pumzi na amani. Walimu wa yoga wa India wanafundisha njia tatu za kurudia: kwa sauti, kwa kunong'ona, na kimoyomoyo. Anayeanza aanze kwa sauti, maana sikio humsaidia asipotee. Akizoea, anong'one, na mwisho neno libaki ndani.

Jihadhari na sentensi za kujisifu. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu waliojirudia sentensi ya kujiambia kwamba wanapendeka. Waliokuwa na moyo wa kujidharau walijisikia vibaya zaidi baada ya kuirudia, huenda kwa sababu nafsi iliona pengo kati ya sentensi hiyo na inavyojiona. Mtu mwenye njaa akijiambia mimi ni tajiri, anajiongezea kidonda. Akilitaja jambo analolitamani na analoweza kulihudumia leo, kama uzima au subira, hajidanganyi.

Ukishachagua, kaa nalo. John Main, aliyekuja kuwa mtawa Mbenediktini, alijifunza kutafakari kwa mantra huko Malaya katika miaka ya 1950 kwa mwalimu wa Kihindu, Swami Satyananda. Baadaye aliwafundisha Wakristo wengi kutumia neno la Kiaramu, Maranatha, silabi nne zenye urefu sawa, asubuhi na jioni. Aliwasihi wasibadili neno. Anayebadili kila wiki huwa anatafuta ladha, na mizizi haipati nafasi ya kushuka.

Katika yoga, lipe neno kazi mwili unapochoka. Unapoinama na mgongo ukalalamika, rudia neno kwa pumzi tatu kabla ya kuamua kuendelea au kuacha. Ukiona huwezi kulisema bila kuhema, umejilazimisha kupita kiasi, rudi nyuma. Hapo mantra inakulinda na kiburi chako mwenyewe.

Shinkolobwe inavyoyapima maneno

Lakini utulivu wa pumzi hautoshi kuwa mwisho wa safari, na hakuna mahali panapolifundisha hilo kama Shinkolobwe.

Mgodi huo uligunduliwa mwaka 1915 na Robert Rich Sharp wa Union Minière, ukaanza kuchimbwa mwaka 1921 kwa ajili ya radiamu. Urani yake ilikuwa tajiri kupita karibu zote zilizojulikana duniani. Mwaka 1940 mkurugenzi Edgar Sengier alikuwa amehifadhi zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani hiyo Staten Island, New York, na mwezi Septemba 1942 aliyauza kwa jeshi la Marekani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe. Waliolichimba jiwe hilo hawakuambiwa linakwenda kufanya nini.

Aliyeongoza maabara ya Los Alamos, bomu lilikotengenezwa, alikuwa J. Robert Oppenheimer. Alikuwa amejifunza Kisanskriti Berkeley kwa Profesa Arthur Ryder mwaka 1933, akaipenda Bhagavad Gita, maandiko matakatifu ya Wahindu, na baadaye alisimulia kwamba baada ya mlipuko wa kwanza wa majaribio alikumbuka mstari wake mmoja. Maneno matukufu yalikuwa ndani yake, yenye historia ndefu kuliko mataifa mengi. Hayakuuzuia mkono.

Mashimo makuu ya Shinkolobwe yalizibwa kwa zege uhuru ulipokaribia mwaka 1960, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti na shaba. Serikali iliufunga mgodi kwa amri ya Januari 2004. Julai mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka na kuua watu 8, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofika baadaye ulionya juu ya maporomoko mengine na madhara ya mionzi kwa watu wanaokaa humo muda mrefu. Hakuna mantra inayozuia vumbi la urani lisiingie kifuani. Anayemwambia mchimbaji atafakari tu na mambo yatakuwa sawa anamdhulumu mara ya pili.

Hapa ndipo Jamaa inapotusaidia tena. Kwao, mtu hakusonga mbele katika njia peke yake. Alikwenda na mwenzi wake, na mafundisho yalipimwa nyumbani. Mume aliyerudia mapendo kwenye mkutano akampiga mkewe nyumbani alikuwa hajaanza. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962 na hakuruhusiwa kuendelea na kazi yake Katanga, na viongozi wa Kanisa waliitazama Jamaa kwa mashaka, lakini kanuni hiyo ya nyumbani haikuhitaji padri ili isimame.

Kwa hiyo, baada ya miezi kadhaa ya kurudia neno lako, usijipime kwa utulivu unaousikia ukiwa umefumba macho. Muulize unayeishi naye kama ameona tofauti. Ukichagua subira, watoto wako ndio mashahidi. Ukichagua mapendo, jirani mliyenuniana anangoja. Na anayechagua uzima, awe Likasi au Dar es Salaam, amejitwika mzigo mkubwa kuliko anavyodhani: lazima aulize maji ya mtaa yanatoka wapi, vumbi la mgodi linaangukia shamba la nani, na kwa nini kijana wa miaka 15 anashuka shimoni. Neno lisilomdai mtu chochote linampumzisha kwa robo saa. Neno linalomdai humpa pumzi ya kufanya kazi linayomtuma.