Kometi Inayoitangulia Hesabu

Kometi ni donge la barafu, vumbi na mawe linalolizunguka Jua kwa njia ndefu, na kila linapolikaribia joto lake hutoa gesi na vumbi vinavyotandaa na kuwa ule mkia uliowafanya wazee waiite nyota yenye mkia. Kimondo, ambacho wengi hukichanganya na kometi, ni kijiwe kinachowaka kwa sekunde chache ndani ya angahewa ya Dunia na kutoweka, ilhali kometi huonekana kwa majuma au miezi, na baadhi yake hurudi. Zile zinazorudi katika muda usiozidi miaka 200 huitwa kometi za vipindi, nazo hupewa namba ya kudumu pale tu kurudi kwake kunapothibitishwa. Namba 1 ni ya Halley, na namba 2 ni ya Encke, kometi ndogo isiyo na fahari ya ile ya kwanza, lakini iliyowafundisha wanafalaki mengi zaidi kuhusu hesabu zao wenyewe.

Kuijua njia ya kometi ni kuzijua namba 6. Mbili hueleza umbo la duaradufu, yaani umbo la yai linalofuatwa na kometi: ya kwanza hutaja umbali wake na Jua inapokuwa karibu kabisa, ya pili hutaja jinsi duaradufu hiyo ilivyonyooshwa. Tatu nyingine ni pembe zinazoonyesha jinsi njia hiyo ilivyoinama na kuelekea ikilinganishwa na ile ya Dunia, na ya mwisho ni siku na saa ambayo kometi hupita karibu kabisa na Jua. Ugumu unatokana na ukweli kwamba darubini haioni umbali. Huona upande tu, yaani pembe mbili zinazofanya kazi angani kama longitudo na latitudo zinavyofanya kazi katika ramani. Kwa kuwa kila kipimo hutoa pembe mbili, vipimo vitatu vya usiku tofauti hutosha, kwa kanuni, kuzipata namba zote 6, na Carl Friedrich Gauss alionyesha uwezo wa njia hiyo mwaka 1801 alipokokotoa njia ya sayari ndogo Ceres, iliyokuwa imepotea nyuma ya mwanga wa Jua, ikapatikana tena karibu na mahali alipopataja.

Kwa kanuni, maana kwa vitendo kipimo chenyewe hakitulii. Mpimaji hupiga picha, huzitambua nyota zilizo kandokando ya kometi, ambazo mahali pake panajulikana kutoka katika orodha za nyota, kisha hukadiria kometi iko wapi kati yake kwa usahihi wa sekunde ya tao, ambayo ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Nyota ni nukta, lakini kometi ni ukungu, na kiini chake, ambacho ndicho kinachofuata njia inayotafutwa, kimefichwa ndani ya ukungu huo. Mpimaji akichagua katikati ya mwanga wote, mkia humvuta upande wake na kipimo chake hukosea. Baada ya hapo, kwa miaka mingi kila kipimo kimekuwa kikibanwa katika mstari mmoja wa herufi na tarakimu 80, wenye jina la kometi, wakati, pembe mbili, mng'aro na namba ya kituo, na kutumwa katika Kituo cha Sayari Ndogo kilichoko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani.

Mwaka 1818 hakukuwa na picha wala mstari wa herufi 80. Jean-Louis Pons, aliyeanza kazi katika kituo cha falaki cha Marseille akiwa bawabu na akaishia kugundua kometi nyingi kuliko mwanafalaki yeyote wa zama zake, aliona kometi hafifu mwezi Novemba mwaka huo. Johann Franz Encke, mwanafunzi wa Gauss, aliposhika vipimo vyake aligundua kwamba parabola, mkunjo ulio wazi usiorudi ambao ulikuwa ukitumiwa kurahisisha hesabu, haukulingana navyo hata kidogo. Kilicholingana kilikuwa duaradufu fupi ajabu, ya miaka 3.3 tu. Akirudi nyuma kwa hesabu, huku akiondoa mivutano ya sayari, hasa Mshtarii, alionyesha kwamba ndiyo kometi iliyoonwa mwaka 1786, kisha 1795 na Caroline Herschel, na tena 1805, kila mara ikidhaniwa kuwa mgeni. Alitabiri kwamba ingerudi mwaka 1822, na tarehe 2 Juni mwaka huo Carl Rümker aliiona kutoka Parramatta, Australia, kwa kuwa kutoka Ulaya haikuweza kuonekana. Encke mwenyewe aliendelea kuiita kometi ya Pons, wengine hawakumfuata.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo lililo na thamani kuliko utabiri wenyewe. Hata baada ya kuhesabu mvutano wa sayari zote zilizojulikana, kometi ilifika mapema, na ilizidi kuwahi kwa takriban saa 2 na nusu katika kila mzunguko. Saa hizo ni kitu kidogo sana katika safari ya miaka mitatu na zaidi, lakini zilikuwa kubwa mno kuwa kosa la upimaji. Encke alipendekeza kwamba anga imejaa kitu chepesi kinachoikwaza kometi, na ingawa huonekana kichekesho kwamba kinachokwazwa kiwahi, hoja yake ilikuwa thabiti: kinachopunguziwa mwendo hulisogelea Jua, njia yake hufupika, na muda wa mzunguko hupungua.

Pendekezo hilo liliangushwa na kometi nyingine. Kitu kinachokwaza kingepaswa kuziwahisha zote, ilhali Halley huchelewa kwa siku 4 hivi katika kila mzunguko. Friedrich Wilhelm Bessel, aliyeona michirizi ikitoka katika Halley mwaka 1835, alikwisha kudokeza kwamba mtoko wa mata unaweza kuisukuma kometi, lakini maelezo kamili yalitolewa na Fred Whipple mwaka 1950: kiini ni donge la barafu lenye vumbi, linalojizungusha, na barafu yake hugeuka gesi na kufuka kwa nguvu kama moshi wa roketi. Kama vile Duniani joto kali la siku huja baada ya adhuhuri, mtoko wa gesi huwa mkali zaidi pale ambapo Jua limekwisha kupita utosini, hivyo msukumo huwa wa pembeni. Kometi inayojizungusha kwa upande mmoja huharakishwa, ya upande wa pili hupunguziwa mwendo, na ndiyo sababu Halley na Encke hutofautiana.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakokotoaji, ambao mwanzoni kinara wao alikuwa Brian Marsden, huongeza juu ya namba 6 namba nyingine zinazopima msukumo huo wa gesi, nazo hutafutwa pamoja kwa njia ya kupunguza jumla ya miraba ya tofauti kati ya kilichotabiriwa na kilichopimwa. Kwa kometi ya Encke hata namba hizo hazitulii: kuwahi kwake kumepungua tangu karne ya 19, na seti moja ya namba haiwezi kuunganisha vipimo vya 1786 na vya leo.